Chaja 12, ampea 100: tugawe vipi umeme ili kila dereva aondoke na alichoahidiwa?

Msimamizi wa Maegesho

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninasimamia maegesho ya jengo la ofisi yenye chaja 12 za magari ya umeme. Kwenye karatasi kila chaja ina uwezo wa kilowati 22, lakini njia ya umeme tuliyotengewa kwa kazi ya kuchaji ni ya fezi tatu (nyaya tatu zinazobeba umeme) zenye ampea 100 kila moja kwa volti 230, yaani jumla ya kilowati 69 hivi. Ukizidisha 12 kwa 22 unapata 264, kwa hiyo tangu siku ya kwanza tulijua kwamba umeme huo lazima ugawanywe. Fundi aliyetufungia mtambo aliweka mpango rahisi: ampea 100 zinagawanywa kwa idadi ya magari yaliyochomekwa, na kila gari linapata fungu sawa na jirani yake.

Kwa upande wa usalama sina lawama, kwa maana swichi kuu haijawahi kukata umeme hata mara moja. Tatizo liko kwa madereva. Kuna mama mmoja anayefika saa mbili asubuhi na kuondoka saa tano kwenda kazi za nje, naye anahitaji kilowati-saa 10 tu ili afike anakokwenda na kurudi. Siku maegesho yakijaa, anaondoka na kilowati-saa zisizofika 6. Wiki iliyopita alikuja hadi mezani kwangu, akaweka simu yake mbele yangu ili nisome mwenyewe kiasi alichopata. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kwa nini gari lililo kando ya lake, ambalo haliondoki hadi jioni, lipewe sawa na lake, na mimi sikuwa na jibu la kumpa.

Naomba mnisaidie kwa mambo mawili. Kwanza, kuna kanuni gani ya kugawa umeme inayowaridhisha madereva zaidi kuliko hii ya mafungu sawa, bila kuomba njia kubwa zaidi ya umeme? Pili, nitapimaje kama madereva wameridhika, ikiwa wengi wao huondoka kimya bila kusema neno?

Fundi wa Fezi

Ndugu Msimamizi, kabla hujagusa kanuni ya kugawa, naomba ukaangalie nyaya. Magari mengi huchaji kwa fezi moja tu hata yakichomekwa kwenye chaja ya fezi tatu, kwa sababu mwamuzi ni kigeuza umeme kilichomo ndani ya gari, wala si chaja iliyoko ukutani. Gari la aina hiyo huvuta umeme kwenye fezi ya kwanza ya chaja na kuziacha nyingine mbili bila kazi. Je, siku maegesho yanapojaa, ni magari mangapi ya fezi moja, na chaja zenyewe zimeungwa kwa mpangilio gani?

Msimamizi wa Maegesho

Nimekwenda kuangalia pamoja na fundi wetu. Chaja zote 12 zimeungwa kwa mpangilio mmoja, waya wa fezi ya kwanza ukiwa wa kwanza kila mahali. Jana, maegesho yalipojaa, magari 7 yalikuwa ya fezi moja na 5 yalikuwa ya fezi tatu.

Fundi wa Fezi

Hapo ndipo umeme wako unapolala. Tuhesabu pamoja. Magari 12 yakigawana ampea 100, kila moja linapata ampea 8.3. Fezi ya kwanza inabeba magari yote 12, hivyo imejaa. Fezi ya pili na ya tatu zinabeba yale matano tu, na kila moja ina mzigo wa ampea 42 hivi, ikibaki na ampea 58 zisizotumika. Ukijumlisha mabaki ya fezi hizo mbili unapata karibu kilowati 27, ambazo kila asubuhi hukaa bure huku yule mama akipungukiwa.

Dawa yake ni kuzungusha fezi. Chaja ya kwanza ibaki na mpangilio wa 1-2-3, ya pili iungwe 2-3-1, ya tatu 3-1-2, kisha uanze tena mwanzo. Magari yale 7 ya fezi moja yakitawanyika vizuri, fezi moja itapata 3 na nyingine mbili zitapata 2 kila moja. Ukiongeza yale 5 ya fezi tatu, fezi yenye mzigo mkubwa zaidi itakuwa na magari 8 badala ya 12. Ampea 100 kwa magari 8 ni ampea 12.5 kwa kila gari. Umeongeza nusu nzima ya kile kila dereva alichokuwa akipata, na hujanunua hata mita moja ya waya mkubwa. Ni kweli kwamba siku nyingine magari yataegeshwa vibaya na faida itapungua, lakini kurudi katika hali ya jana kabisa kutatokea mara chache sana.

Nina tahadhari mbili. Kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye kibali, umeme ukiwa umezimwa kwenye swichi kuu. Tena, kila chaja iliyobadilishwa lazima iandikwe upya katika mipangilio ya programu, ili mfumo ujue kwamba waya wa kwanza wa chaja ya pili sasa ni fezi ya pili ya jengo. Hatua hii ikirukwa, programu itapunguza mkondo kwenye fezi isiyo na shida na kuiacha ile inayoelemewa, na hapo swichi kuu itakata kweli.

Jambo jingine la kukumbuka unapochagua kanuni ni kwamba huwezi kugawa umeme kwa vipande vidogo upendavyo. Katika chaja za mkondo geu (AC), kama zako, zinazofuata kiwango cha kimataifa cha IEC 61851, kuna waya mwembamba wa ishara kati ya chaja na gari, wenye mipigo ya kilohezi 1, na upana wa mpigo ndio unaoliambia gari mwisho wa ampea linazoruhusiwa kuvuta. Mpigo wa asilimia 10 ni ampea 6, wa asilimia 50 ni ampea 30, na ishara ikibadilika gari linatakiwa kutii ndani ya sekunde 5. Chini ya ampea 6 hakuna kiwango kingine: ama gari linapata 6, ama linasimamishwa. Kwa hiyo fezi moja ya ampea 100 inaweza kulisha magari 16 kwa wakati mmoja. La 17 lazima lisubiri zamu.

Mpanga Ratiba

Nashukuru Fundi ameanza na nyaya, kwa sababu hakuna kanuni inayoweza kugawa umeme usiofika. Sasa niingie kwenye kanuni yenyewe, ambayo nimeishughulikia kwa miaka kadhaa katika programu za kusimamia chaja.

Mafungu sawa yana sura ya haki, lakini haki yake ni ya ampea, na dereva haondoki na ampea. Anaondoka na kilowati-saa, tena kwa saa aliyoipanga yeye. Kanuni nzuri kwa hiyo inahitaji kujua mambo mawili kuhusu kila gari: linahitaji kiasi gani na litaondoka lini. Ukiwa nayo hayo, unaweza kuhesabu kile ninachokiita akiba ya muda, yaani saa zilizobaki kabla gari halijaondoka, ukitoa saa ambazo lingehitaji kama lingechajiwa kwa kasi yake yote.

Chukua magari matatu ya fezi moja, kila moja likiweza kupokea kilowati 7.4, na yote yamechomekwa saa mbili asubuhi. La kwanza ni la yule mama: kilowati-saa 10, kuondoka saa tano. Ana saa 3, anahitaji saa 1 na dakika 20 hivi za kuchaji, akiba yake ni saa 1 na dakika 40. La pili linataka kilowati-saa 30 na litaondoka saa kumi na moja jioni. Lina saa 9, linahitaji 4 na kidogo, akiba yake ni karibu saa 5. La tatu linataka kilowati-saa 40 na linaondoka saa saba mchana. Lina saa 5 lakini linahitaji 5 na dakika 24, kwa hiyo akiba yake imeshapita sifuri kabla hata halijaanza.

Tazama jinsi kanuni mbalimbali zinavyoyaona magari haya. Kanuni ya mafungu sawa haioni tofauti yoyote. Kanuni ya aliyefika kwanza inategemea nani aliwahi kwenye lango. Kanuni ya anayeondoka kwanza inampa kipaumbele mama, kisha la tatu, na la pili linangoja. Watu wa kompyuta wanaipenda sana kanuni hii, kwa sababu mwaka 1973 watafiti wa kompyuta Liu na Layland walithibitisha kwamba kwa prosesa moja, yaani ubongo mmoja wa kompyuta, ukitanguliza kazi yenye makataa ya karibu, utaweza kuitumia prosesa yote bila kuchelewesha kazi yoyote. Lakini kituo cha kuchajia si prosesa moja. Gari haliwezi kumeza umeme wote wa kituo; lina koo lake, na koo hilo ni kilowati 7.4. Gari lenye haja kubwa linaweza kuhitaji kuanza mapema ingawa linaondoka baadaye, na kanuni ya anayeondoka kwanza hugundua hilo wakati muda umeshapita.

Kanuni ya akiba ndogo ya muda hulitambua gari la namna hiyo mapema, na ndiyo ninayokushauri, ikiwa na marekebisho matatu.

Kwanza, gari lenye akiba hasi lisiruhusiwe kuwavuta wengine shimoni. Gari la tatu katika mfano wetu haliwezi kupata 40 hata likipewa kituo kizima, kwa sababu saa 5 mara 7.4 ni 37. Ukiliacha lidai 40, litakuwa la kwanza kwenye orodha tangu saa mbili hadi saa saba, na mama atakosa haki yake kwa ajili ya ahadi ambayo tangu mwanzo haikuwezekana. Mwambie dereva huyo palepale anapochomeka kwamba kwa saa aliyotaja kiwango cha juu kabisa ni 37, na kwamba kwa idadi ya magari yaliyopo leo unaweza kumhakikishia, tuseme, 28. Atakubali, au atabaki muda mrefu zaidi, au atakwenda kwingine mapema. Yote matatu ni afadhali kuliko kugundua saa saba.

Pili, weka sakafu. Kila gari lipewe ampea 6 tangu linapochomekwa, na kinachobaki ndicho kigawanywe kwa akiba ya muda. Kwa hesabu ya Fundi, fezi yenye magari 8 itatumia ampea 48 kwa sakafu na kubaki na 52 za kuwapa wenye haraka. Sakafu hii inapoteza ufanisi kidogo, kwa sababu vifaa vya ndani ya gari hula wati mia kadhaa muda wote wa kuchaji na hasara hiyo huonekana zaidi mkondo ukiwa mdogo. Mimi naikubali hasara hiyo. Dereva anayepita karibu na gari lake na kukuta halichaji kabisa hupoteza imani, na kuna magari, hasa ya zamani, ambayo yakisimamishwa kwa muda mrefu hulala na hayaamki umeme unaporudi.

Tatu, usipange upya kila sekunde. Magari mawili yenye akiba inayolingana yatanyang'anyana nafasi: moja likipewa umeme, akiba yake inabaki palepale na ya mwenzake inapungua, kisha mwenzake anatangulia, kisha wanabadilishana tena. Kupanga upya kila baada ya dakika 5, au pale gari linapoingia na kutoka, kunatosha. Na kama itabidi magari yapokezane zamu, kila zamu iwe ya nusu saa hivi.

Kuhusu mawasiliano, kama chaja zako zinatumia itifaki ya OCPP (lugha ya mawasiliano kati ya chaja na seva, yaani kompyuta inayozisimamia) kuanzia toleo la 1.6, huenda tayari zinaweza kupokea ratiba ya ampea kutoka kwenye seva, kwa chaja nzima na kwa gari moja moja. Hakikisha jambo moja: seva ikipotea hewani, chaja zisiendelee na amri ya mwisho iliyokuwa kubwa, bali zishuke zenyewe hadi kiwango ambacho zote 12 zinaweza kukitumia pamoja kwa usalama.

Dereva wa Kila Siku

Samahani kwa kuingia katika mazungumzo ya wataalamu. Mimi ni dereva tu, lakini nadhani upande wetu unahitaji kusemwa.

Ninakochaji mimi, skrini ya chaja huonyesha kilowati peke yake. Mara ya kwanza nilipochomeka na kuona 1.9 kwenye chaja iliyoandikwa 22, niliamini imeharibika. Nilichomoa, nikangoja, nikachomeka tena, nikaona 1.9. Nikahamisha gari hadi chaja ya tatu kutoka hapo, nayo ikaanza na 3, nikafurahi, na nilipofika mlangoni nikageuka kuangalia, nayo imeshuka hadi 1.9. Nilipoteza dakika 25 asubuhi hiyo, na jioni niliandika malalamiko makali. Baadaye nilikuja kufahamu kwamba chaja zote zilikuwa nzima na kwamba kwa saa 9 ningeondoka na kilowati-saa 17, ambazo zilinitosha kabisa kwa safari zangu za siku hiyo. Hakuna aliyeniambia. Kama skrini ile ingeandika "utaondoka na 17 au zaidi kufikia saa kumi na moja jioni", nisingegusa plagi.

Naomba pia mfikirie neno "au zaidi". Nikiahidiwa 17 nikapata 20, nafurahi. Nikiahidiwa 25 nikapata hizohizo 20, naona nimedanganywa, hata kama 20 zilikuwa zinanitosha.

Mwendesha Kituo cha Njia Kuu

Mimi ninasimamia kituo cha chaja za kasi kando ya barabara kuu, ambako mambo ni tofauti kwa sababu hakuna anayekaa saa 9. Madereva wetu wana haraka wote, kwa hiyo akiba ya muda haitusaidii sana; sote tuko karibu na sifuri. Kinachotusaidia ni kujua tabia ya betri.

Katika chaja za mkondo mnyoofu (DC), kama zetu, gari ndilo linaloomba kiasi linachotaka, na ombi hilo hubadilika dakika kwa dakika. Betri ikiwa na asilimia 15 na joto linalofaa huomba umeme mwingi. Inapokaribia asilimia 80 huanza kupunguza, na baada ya hapo hushuka sana, kwa sababu seli zinakaribia mwisho wa volti zake na mkondo mkubwa ungeziharibu. Betri ikiwa baridi huomba kidogo tangu mwanzo. Sisi tuna kabati moja la kilowati 150 linalolisha plagi mbili. Tulipoanza, kabati hilo liligawa nusu kwa nusu mara gari la pili lilipochomekwa. Siku moja nilisimama kati ya magari mawili nikasoma skrini zote mbili: la kushoto lilikuwa na asilimia 85 na likivuta kilowati 35, la kulia lilikuwa na asilimia 15, lingeweza kuvuta 120, lakini limefungiwa kwenye 75. Kilowati 40 zilikuwa zimetengewa gari ambalo halikuziomba.

Tukabadilisha mpango. Sasa kila gari hupewa linachoomba, hadi kufikia fungu lake, na kinachobaki kwa mmoja humwagikia mwenzake. Yule wa kulia angepata 115 badala ya 75, na wa kushoto asingepoteza hata kilowati moja. Kwa maoni yangu, hii ndiyo haki ambayo kila dereva anaielewa bila kufafanuliwa: usimnyime mtu kitu ambacho jirani yake hakitumii.

Jambo la pili kwetu ni foleni. Agner Krarup Erlang, Mdenmark aliyeshughulikia simu, alichapisha mwaka 1917 kanuni ya kukadiria ni wapigaji wangapi watakuta nyaya zote zina watu, na kituo cha kuchajia kina mantiki ya karibu sana na hiyo. Kinachonigusa katika hesabu zake ni kwamba kituo kinapokaribia kujaa, nyongeza ndogo ya muda wa kila gari huongeza muda wa kungoja kwa kiasi kikubwa kuliko unavyotarajia. Gari linalobaki kutoka asilimia 80 hadi 100 linaweza kutumia muda mrefu kama lililotumia kutoka 10 hadi 80. Kwa hiyo foleni inapokuwepo, skrini yetu humwonyesha dereva, anapofika 80, kwamba kuna magari mawili yanangoja na kwamba asilimia 20 zilizobaki zitamchukua nusu saa hivi. Hatumkatii umeme. Wengi huchomoa wenyewe.

Msimamizi, watakuja watu kukuuzia betri kubwa ya kuweka kituoni. Inaweza kufaa pale ambapo kilele cha matumizi ni kifupi na kipindi cha utulivu ni kirefu, na pia pale ambapo unatozwa kwa kilele cha juu cha mwezi kinachopimwa kwa kila robo saa au nusu saa. Lakini piga hesabu kabla ya kusaini. Betri ya kilowati-saa 100 humalizwa na magari mawili yanayotaka 50 kila moja, na sehemu ya umeme unaoingia humo haitoki tena. Kwa maegesho yenye magari yanayokaa kutwa nzima, mimi ningeanza na ratiba.

Msimamizi wa Maegesho

Nimejifunza mengi kwa siku chache kuliko nilivyojifunza mwaka mzima. Nina shaka moja kwa Mpanga Ratiba. Nikiwaomba madereva wataje saa ya kuondoka, si kila mmoja ataandika kwamba anaondoka baada ya saa moja ili atangulie?

Mpanga Ratiba

Shaka yako ina msingi, ingawa kwa uzoefu wangu wanaodanganya kwa makusudi ni wachache kuliko wanaokosea tu. Mwaka 2016 chuo cha Caltech, huko Pasadena, California, kilianzisha mfumo wa namna hii katika gereji yake, wenye zaidi ya chaja 50 kwenye transfoma moja isiyoweza kuzilisha zote kwa kasi kamili, na mwaka 2019 watafiti wake wakaitoa data hadharani. Mojawapo ya mambo yaliyoonekana humo ni kwamba saa na kiasi vinavyojazwa na madereva mara nyingi huwa mbali na kile kinachotokea, na kwamba makadirio yanayotokana na historia yanaweza kuwa sahihi zaidi kuliko maneno ya dereva mwenyewe.

Kwa hiyo fanya hivi. Dereva anapochomeka, mfumo umpendekezee saa na kiasi kutokana na mwenendo wake wa wiki zilizopita, naye abadilishe tu pale siku yake inapokuwa tofauti. Anayeandika saa tatu na gari likabaki hadi jioni, arudishwe kwenye sakafu ya ampea 6 saa tatu inapopita, kwa maana ahadi aliyoiomba imekwisha muda wake. Akifanya hivyo mara nyingi, mfumo utumie historia yake badala ya neno lake. Asitozwe faini wala asitangazwe. Atajirekebisha mwenyewe atakapoona kwamba kusema kweli kunamfaa zaidi.

Kuhusu kupima kuridhika, tafadhali usitumie wastani. Siku ambayo madereva 10 wamepata asilimia 100 ya walichohitaji na wawili wamepata 40, wastani ni 90, na ripoti yako itang'aa huku watu wawili wakiwa wamekwama barabarani. Andika kila siku namba mbili tu: ni wangapi walioondoka na pungufu ya walichoahidiwa, na pungufu kubwa kuliko zote ilikuwa kiasi gani. Namba ya kwanza ikipanda, unaahidi kupita uwezo wako. Ya pili ikipanda wakati ya kwanza imetulia, kuna mtu mmoja anayeonewa, na itafaa umtafute ujue ni nani.

Msimamizi wa Maegesho

Narudi baada ya wiki sita kutoa taarifa, kwa kuwa mlitumia muda wenu kwa ajili yangu.

Jumamosi moja tulizima umeme, fundi akabadilisha chaja 8 na kuziacha 4 kama zilivyokuwa, na kila moja ikaandikwa upya kwenye programu. Tulijaribu chaja zote moja moja kwa gari la fezi moja huku tukisoma mita ya kila fezi. Namshukuru Fundi kwa tahadhari yake, kwa sababu chaja ya tisa ilikuwa imeandikwa vibaya na tusingejua hadi Jumatatu. Baada ya hapo tukaweka sakafu ya ampea 6 na akiba ya muda, tukipanga upya kila dakika 5, na skrini sasa inaonyesha kilowati-saa na saa badala ya kilowati peke yake.

Wiki ya kwanza madereva 4 walipata pungufu ya walichoahidiwa, pungufu kubwa ikiwa kilowati-saa 6. Nikapunguza ahadi kidogo, na katika wiki mbili zilizopita hakuna aliyepungukiwa. Gari moja la zamani lilikuwa likilala kila sakafu yake iliposhuka kwa bahati mbaya chini ya 6, kwa hiyo sasa sakafu yake tumeiweka 7. Hatua ninayoiandaa ni kufunga vipima mkondo kwenye njia kuu ya jengo, ili lifti na viyoyozi vinapopumzika jioni, ampea zake ziongezwe kwenye zile 100.

Yule mama alipita mezani kwangu juzi, saa tano kasoro dakika kumi. Alikuwa na kilowati-saa 11. Nilimweleza jinsi mgawo unavyofanyika siku hizi, naye akaniomba jambo moja: Ijumaa haendi kazi za nje, kwa hiyo siku hiyo mfumo usimtangulize. Nimeliweka kwenye ratiba yake.